Upepo wa Kununua: Kabla Hujalipia Kompresa Ndogo, Sikia Ilikotoka

Upepo Garissa ni wa bure. Kaskazi ikivuma inakuletea vumbi mpaka ndani ya kikombe cha chai, na hakuna mtu wa kaunti amekuja kuitoza ushuru bado. Lakini jaribu kuuingiza huo upepo kwa tairi. Hapo ndipo utajua una bei, una mwenyewe, na una historia ndefu kuliko barabara ya Liboi.

Swali mnaloniuliza sana siku hizi ni hili: "Walaal, ninunue kompresa gani ndogo ya kuweka nyumbani?" Wengine mna boda mbili za kukodisha. Wengine mna tuktuk ya familia, au ile probox ya mzee inayolala nje ikiwa na tairi moja limenyong'onyea kila asubuhi. Wengine mmeanza kagereji kadogo nyuma ya nyumba, spana tatu na ndoto. Ningeweza kuwatajia modeli moja tukamaliza. Sitafanya hivyo, kwa sababu chuma kile kile kikitoka kiwandani kinabandikwa majina kumi, na ukifika dukani jina nililokutajia litakuwa limeisha na muuzaji atakuambia "hii ni ile ile tu."

Na kuna kitu kinanisumbua zaidi. Naona vijana wa hapa wakikopa kwa simu kununua li-kompresa la lita mia mbili kwa sababu ni kubwa na lina rangi nzuri. Halafu stima ya nyumbani haiwezi kuliwasha. Linakaa pale barazani, mbuzi analala kivulini mwake, na deni linaendelea kukatwa. Hiyo si bahati mbaya. Ni tabia ya kununua kitu kilichofikiriwa kwa ajili ya mahali pengine, na sisi watu wa NFD tumeletewa vitu vya aina hiyo kwa miaka mia moja. Kwa hivyo tulieni, tuanze mbali kidogo.

Kompresa ya kwanza ya Afrika Mashariki haikuwa na waya. Ilikuwa mvukuto. Mfuko wa ngozi, mdomo wa udongo, na mtu wa kuupandisha na kuushusha. Mhunzi anavukuta, hewa inabanwa, inaingia kwenye makaa kwa nguvu, moto unapanda mpaka chuma kinalainika. Angalia vizuri utaona mara nyingi mivukuto ni miwili: mmoja unavuta hewa huku mwingine unasukuma, ili pumzi isikatike. Sasa nenda ukaangalie kompresa ya silinda mbili pale kwa fundi wa pancha. Ni akili ile ile, tofauti ni mota.

Na msiseme hayo ni mambo ya porini. Mwaka wa 1978 watafiti wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika katika jarida la Science kuhusu Wahaya wa Kagera, kule Tanzania kando ya Ziwa Victoria. Tanuri walizozichimbua zilikuwa na umri wa kati ya miaka 1500 na 2000. Wazee wa Kihaya, ambao walikuwa wameacha kuyeyusha chuma kwa miongo mingi, walijenga tanuri upya kwa kumbukumbu zao na kuliwasha. Watafiti wakaeleza kwamba mabomba ya udongo yalikuwa yameingizwa ndani ya tanuri, hivyo hewa ilipashwa moto kabla haijafika kwenye makaa. Wasomi wengine wamebishana nao juu ya hilo, lakini tanuri liliwaka na chuma kikatoka, mbele ya macho yao.

Huku kwetu pia walikuwepo. Wasomali wana wahunzi wao wa tangu jadi, watu waliotengeneza mikuki, visu na shoka, na bado jamii ikawadharau, ikakataa kuwaoza. Ndio, nimesema. Tunapenda kusema sisi ni watu wa ngamia, lakini mtu aliyejua kuibana hewa tulimweka mwisho wa mstari. Hiyo nayo ni sehemu ya sababu ufundi wa gereji hapa ulikawia kupata heshima, na mpaka leo kuna mama anayependelea mtoto wake akae bila kazi kuliko aonekane na grisi mikononi.

Ulaya nitaipitia haraka. Miaka ya 1650 Mjerumani mmoja, Otto von Guericke, meya wa Magdeburg, alitengeneza pampu ya kutoa hewa ndani ya chombo. Alishikanisha nusu mbili za mpira wa shaba, akatoa hewa, na farasi wakashindwa kuzitenganisha. Igeuze hiyo pampu, isukume badala ya kuvuta, na tayari una mwanzo wa kompresa. Mwaka wa 1662 Robert Boyle akatoa kanuni ambayo mliikariri shuleni na mkaisahau: ukiibana hewa mpaka nusu ya nafasi yake, presha inakuwa mara mbili, mradi joto halijabadilika. Ishikilie hiyo, tutaihitaji tukifika kwenye pesa. Halafu kati ya 1857 na 1871 reli ilipotobolewa chini ya milima ya Alps kati ya Ufaransa na Italia, mashine za kutoboa mwamba ziliendeshwa kwa hewa iliyobanwa. Mvuke usingefaa ndani ya shimo. Moshi ungewaua wafanyakazi. Hewa ikaonekana ni mzigo unaoweza kuusafirisha kwa bomba na kuutumia mbali.

Sasa tairi. Wengi mnajua jina la Dunlop. John Boyd Dunlop alikuwa daktari wa mifugo, mtu wa Scotland aliyeishi Belfast. Kazi yake ilikuwa ng'ombe na farasi, yaani angefika Soko Ng'ombe hapa angepata wateja siku hiyo hiyo. Alimtengenezea mtoto wake tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu, na 1888 akapata hataza. Kumbe Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amesajili wazo hilo hilo tangu 1845, na hataza ya Dunlop ikabatilishwa. Thomson aliwahi mno. Wakati wake hapakuwa na baiskeli za kutosha wala mpira rahisi.

Hapo kwa mpira ndipo hadithi inaacha kuwa tamu. Baada ya Dunlop dunia nzima ilitaka tairi, na mpira mwingi wa mwitu ulikuwa msituni Kongo, nchi ambayo tangu 1885 ilikuwa kama shamba la mtu mmoja, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kijiji kilipangiwa kiasi cha mpira. Kisipofikisha, wake wanashikwa mateka, nyumba zinachomwa, watu wanapigwa risasi, mikono inakatwa. Ripoti ya Roger Casement ya 1904 iliyaweka hayo kwa maandishi ya serikali ya Uingereza, na picha zilizopigwa na mmisionari Alice Seeley Harris ziliyaweka mbele ya macho ya watu. Mwaka wa 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo kwa dola la Ubelgiji. Watu wa Ulaya walikuwa wanaendesha baiskeli Jumapili juu ya upepo laini, na mfuko wa huo upepo ulitoka pale. Sijui kwa nini hatufundishwi hili pamoja na "matumizi ya mpira."

Turudi nyumbani. Kaskazini mwa Kenya usafiri ulikuwa ngamia, na ngamia hana pancha. Mguu wake ni tairi ambalo Mungu alilijaza mwenyewe. Wakoloni walipoiita sehemu hii Northern Frontier District na kuifunga rasmi 1926, usingeweza kuingia au kutoka bila kibali. Magari yaliyopita yalikuwa ya serikali, polisi na wafanyabiashara wachache wenye ruhusa. Barabara zilikuwa njia za mchanga na miba ya migunga. Hakuna aliyefikiria kuweka mahali pa kujaza upepo kwa sababu hakuna aliyetarajiwa kusafiri.

Halafu ghafla, mwanzoni mwa 1941, Garissa ikawa mlango wa vita. Jenerali Alan Cunningham aliongoza majeshi ya Uingereza kutoka Kenya kuwatoa Waitaliano Somalia. Mto Tana ulikuwa mstari wao wa kuanzia. Askari wa KAR, wa Gold Coast, wa Nigeria na wa Afrika Kusini walivuka ile nchi kavu kati ya Tana na Juba kwa malori. Afmadow ilichukuliwa tarehe 11 Februari, Kismayu tarehe 14, Mogadishu tarehe 25. Fikiria: wiki mbili hivi kutoka Afmadow mpaka Mogadishu. Vitabu vinasifu majenerali. Mimi nafikiria tairi. Kila lita ya maji ilibebwa kwa lori au ilichimbwa njiani na wahandisi wa Afrika Kusini, na kila lori lilikanyaga miba ile ile inayokutoboa wewe leo ukienda Modika. Vita ile ilikimbia juu ya upepo, na kuna mtu, Mwafrika bila shaka, alikuwa anausukuma.

Mwaka uliofuata Wajapani wakaichukua Malaya na Singapore, mashamba makubwa ya mpira yakawa mikononi mwa adui, na tairi likawa adimu kama dhahabu. Tairi lililochoka halikutupwa. Akala tunazozijua, ndala za tairi za lori, ni za watu waliojua kwamba mpira ni kitu cha thamani hata ukishindwa kushika upepo.

Uhuru ulipokuja, hapa haukuja kama kule Nairobi. Tarehe 28 Desemba 1963, wiki mbili baada ya bendera kupandishwa, serikali ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki. Vita vya Shifta viliendelea mpaka 1967, na kuna barabara zilitegwa mabomu ya ardhini. Vita viliisha lakini sheria za hali ya hatari zilibaki mpaka 1991. Na katikati ya hapo, 1965, ukatoka ule Waraka wa Bunge Namba 10, uliosema pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, reli, barabara. Sisi tulikuwa na mchanga na ngamia. Kwa kalamu moja tukaambiwa tungoje.

Kungoja huko ndiko kulikounda gereji za Garissa. Miaka ya tisini mabasi na malori ya njia hii yalikuwa yanasafiri kwa msafara wenye polisi, kwa sababu ya majambazi. Hebu jiweke kwenye kiti cha dereva. Umepata pancha kati ya Ukasi na Bangale, jua linashuka, na msafara unataka kusonga. Pale pampu ya mkono si chombo tena, ni roho yako. Wazee wa malori bado wanakumbuka kusukuma kwa zamu, mmoja akichoka mwingine anashika, na makanga akihesabu kwa sauti. Tairi la lori linataka presha ya 100 hadi 120, na kulijaza kwa mkono ni adhabu ambayo sitakutakia.

Stima nayo. Mji wa Garissa uliishi kwa jenereta za dizeli miaka yote hiyo, mpaka 2016 ulipounganishwa na gridi ya taifa kwa laini ya kilovolti 132 kutoka Kindaruma kupitia Mwingi. Wajir na Mandera mjini bado wanategemea vituo vyao vyenyewe. Ndio maana fundi wa pancha wa huku alizoea kompresa ya injini ya petroli, ile ya mkanda, inayotetemeka kama punda mwenye hasira. Hakuipenda kwa sababu ni nzuri. Aliinunua kwa sababu haiulizi kama stima iko. Nairobi unaweza kucheka moshi wake. Huku ni busara ya miaka hamsini.

Na kwa kejeli ya mambo, Desemba 2019 kikafunguliwa kiwanda cha umeme wa jua nje ya mji wetu, megawati 50 na ushee. Jua letu linaingia gridi ya taifa, na bado kuna bulla ambazo soketi haijafika.

2016 ilikuwa na jambo lingine pia. Mwaka ule ule stima ya gridi ilipofika hapa, kiwanda cha tairi cha Nairobi kilichokuwa Firestone na baadaye Sameer, watu wa Yana, kiliacha kutengeneza tairi nchini. Tairi za nje za bei rahisi zilikuwa zimekishinda. Tulipata stima ya kuendesha kompresa mwaka tuliopoteza tairi letu wenyewe. Sisemi vinahusiana. Nasema tu viangalie vikiwa pamoja.

Siwezi kuacha mathenge. Huu mti, mnaujua, uliletwa kwa nia nzuri: kuzuia jangwa, kutoa kuni na kivuli. Bura, kando ya Tana, ulipandwa miaka ya themanini, na Baringo karibu wakati huo huo. Haukusikia breki. Ulifunga njia za mto, ukameza malisho. Kule Baringo jamii ya Ilchamus iliishtaki serikali, na wakampeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno, aliyeharibiwa na maganda yake matamu, awe shahidi. Huku kwetu shahidi ni tiubu. Mwiba wa mathenge ni mgumu, unapita tairi la boda kama sindano kwenye shuka, na ncha inavunjikia ndani ili ikutoboe tena kesho ukidhani umeziba. Nikikuambia mtu wa Garissa anahitaji upepo nyumbani zaidi ya mtu wa Kilimani, si maringo, ni mimea.

Kambi za Dadaab zilianza 1991, Ifo, Dagahaley na Hagadera, na biashara ikafungua mshipa mpya. Vitu vya Dubai, baadaye vya China, vikaanza kupita Eastleigh na kushuka huku. Ndio njia iliyoleta zile kompresa ndogo za lita 24 na 50 madukani kwetu, nyekundu, buluu, njano. Kwa mara ya kwanza katika historia ya hii nchi ya miba, mtu wa kawaida anaweza kuwa na upepo wake nyuma ya nyumba. Enyewe hiyo ni kitu kikubwa. Sasa tusiuharibu kwa kununua vibaya.

Mkumbuke Boyle. Tangi la lita 24 likijaa mpaka bar 8 (hiyo ni presha kama 116 kwa geji ya psi) lina kama lita 192 za hewa ya kawaida zilizobanwa ndani. Tairi la gari dogo lina nafasi ya lita 35 hivi, na linataka bar 2.2. Hizo ni lita 77 za hewa. Kwa hivyo tangi dogo likiwa limejaa linaweza kuinua tairi moja lililolala kabisa na kulikaribisha la pili, kabla mota haijaguna. Kwa boda na tuktuk ni kazi rahisi zaidi. Kwa mtu wa nyumbani lita 24 zinatosha. Lita 50 ni starehe, zinafaa kama utapuliza vumbi kwenye filta na kusafisha injini kila siku.

Lori ni kitu kingine. Tairi lake lina lita mia moja na zaidi, na linataka bar 7 au 8. Kompresa ndogo itahangaika robo saa na haitafika juu, kwa sababu nayo mwisho wake ni 8. Kwa hivyo ukiwaza "nitanunua ndogo, nijaze malori ya mbuzi pale sokoni," hiyo si biashara, ni kuni ya mota.

Mtego mkubwa zaidi ni namba ya karatasi. Muuzaji atakuonyesha lita 200 kwa dakika. Hiyo mara nyingi ni hewa inayovutwa, si inayotoka kwenye mpira. Inayotoka inaweza kuwa theluthi mbili, wakati mwingine chini ya hapo. Kwa tairi haina maana sana, utangoja dakika moja zaidi. Kwa bunduki ya rangi au ile ya kufungulia nati ndio utalia, kwa sababu hivyo vinakula hewa bila kupumzika na tangi dogo linaishiwa katikati ya mlango wa gari. Kama ndoto yako ni kupaka rangi, weka pesa, ngoja, nunua ya mkanda yenye silinda mbili. Usijidanganye na hii.

Halafu uliza stima yako kabla ya kuuliza bei. Mota ya farasi mbili ni karibu kilowati moja na nusu ikiwa inazunguka, lakini wakati wa kuamka inavuta mara nne, tano, hata sita ya hapo. Inverta ndogo ya sola itazima. Jenereta ndogo ya kilowati moja itakohoa ife. Na ukitumia waya mwembamba wa kurefusha, mita thelathini kutoka dirishani mpaka kwenye mti, voltiji inashuka, mota inanguruma bila kuzunguka, na ndani ya dakika chache unasikia harufu. Hiyo harufu ndiyo mkopo wako unaungua. Sogeza kompresa karibu na soketi na urefushe mpira wa upepo badala ya waya. Upepo haulalamiki kusafiri, tulisema tangu ile reli ya Alps.

Kama bulla yenu haina stima ya kuaminika, sina aibu kukuambia: nunua kale kapampu kanakofungwa kwa betri ya gari, volti 12. Ni kapole, kanapata moto, ukikapumzisha kila baada ya tairi mbili kataishi. Kwa boda na probox kanatosha. Kuna watu wanakacheka. Wacheke.

Ya mafuta au isiyo na mafuta? Isiyo na mafuta haina kazi ya kutunza, lakini zile za bei ya chini zina kelele za kuamsha mtaa, na pete zake huisha haraka kukiwa na joto na vumbi. Ya mafuta inadumu kama unaiangalia: kidirisha cha mafuta kila Ijumaa, na kisponji cha filta unakikung'uta kila mara, kwa sababu vumbi letu ni kama unga. Mimi kwa Garissa nachagua ya mafuta. Na nachagua ile ambayo valvu zake na gasketi yake fundi wa hapa anazo kwa sanduku, hata kama jina lake halina sifa. Kompresa inayongoja spea kutoka Nairobi siku kumi ni pambo.

Msiwasahau mafundi wa pancha. Mtu ameniambia eti kila nyumba ikiwa na kompresa wazee wa barabarani watakufa njaa. Sioni hivyo. Wewe utajaza upepo. Kutoa tairi kwenye rimu, kutafuta ncha ya mathenge kwa vidole, kupiga kiraka kisichovuja, hiyo ni kazi ya mkono wake. Nenda umlipe. Na ukiwa pale mwangalie anavyojaza rimu ya lori ya vipande viwili: anasimama pembeni, hasimami mbele kamwe. Ile pete ikiruka inaua. Usijaribu nyumbani hata kama geji inakuruhusu.

Pasi umependa zile za kutengenezwa kwa mota ya friji kuukuu. Ni werevu mtupu, nawavulia kofia wa jua kali. Lakini nyingi hazina swichi ya kujizima wala valvu ya usalama, na tangi ni mtungi wa kitu kingine kabisa. Valvu ya usalama ilibuniwa karne ya 17 na Mfaransa Denis Papin kwa ajili ya sufuria yake ya mvuke, sufuria ya presha ya kwanza. Zaidi ya miaka mia tatu baadaye hakuna sababu ya wewe kukaa karibu na tangi bila hicho kidude. Ukinunua, hata ile mpya dukani, vuta kile kipete cha valvu ikiwa na presha kidogo. Isipotema, iache hapo hapo.

Na kila jioni fungua skrubu iliyo chini ya tangi. Hewa ikibanwa inatoa jasho, hasa wakati wa mvua, na jasho hilo linakaa ndani likitafuna chuma usichokiona. Maji safi yakitoka, funga, nenda ukale. Yakianza kutoka rangi ya chai ya mkandaa, yenye vipande vya kutu, hilo tangi limekwisha. Usilichomelee, wala usimuuzie mtoto wa jirani kwa bei ya kutupa. Toa presha yote, litoboe kabisa kwa msumari mkubwa ili asije mtu akalifufua, kisha mpelekee fundi wa majiko. Bamba lake bado ni zuri.